Uzi: Kutengeneza sanaa kwa alama za bahati za Kijapani (daruma, paka anayeita, korongo, nakshi)

#1 | Mchorakaratasi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu niliuahidi muda mrefu kule jukwaa la ughaibuni. Nauleta huku kwa wachoraji na mafundi wa kazi za mikono, maana kule wangeishia kuniuliza viza.

Naishi Takasaki, mkoa wa Gunma, kaskazini magharibi mwa Tokyo. Mtajie Mjapani yeyote Takasaki, atakujibu neno moja: daruma. Lile dude jekundu la duara, halina mikono wala miguu, limenuna, macho meupe hayana mboni. Karibu asilimia 80 ya daruma zote za Japani zinatoka mji huu. Siku za kazi nabeba maboksi ghalani, wikiendi nachora, na jirani zangu ni familia ya mafundi wa daruma. Nimechungulia sana karakana yao.

Niseme mapema ninachoamini, halafu mtanipinga. Vitu vya bahati vya Kijapani, wenyewe wanaviita engimono, huachwa nusu kwa makusudi. Fundi anafanya sehemu yake, iliyobaki ni ya aliyenunua. Daruma huuzwa bila mboni. Kibao cha ema pale kwenye jinja, yaani hekalu la dini ya jadi ya Kishinto, huuzwa na upande mmoja mtupu ili uandike haja yako kwa mkono wako. Korongo elfu wa karatasi hukunjwa na watu wanaomtakia mgonjwa heri, na kuhangaika kule kukunja ndiyo zawadi yenyewe. Sasa msanii wa kwetu akizichukua alama hizi akazimaliza zote yeye, akazitia fremu na kioo, amechukua umbo tu. Kazi ya alama yenyewe kaiacha Japani.

Tuanze na daruma.

Sura ni ya Bodhidharma, mtawa anayehesabiwa mwanzilishi wa Zen, tawi la Ubudha. Hadithi inasema alikaa akiutazama ukuta miaka 9 hadi miguu na mikono ikamkauka, ndiyo maana hana. Mwaka 1783 mlima Asama ulilipuka, majivu yakafunika mashamba ya huku, na njaa kuu ya enzi ya Tenmei ikazidi makali. Inasimuliwa kwamba mtawa wa hekalu la Shorinzan, jina lake Togaku, alichonga kalibu ya mti akawafundisha wakulima kubandika karatasi juu yake wapate cha kuuza. Kazi ikakamata kwa sababu mbili ambazo mtu akikaa huku majira ya baridi anazielewa mwenyewe: shamba limelala, watu hawana shughuli, na upepo wa Gunma wakati huo ni mkavu kupita kiasi. Karatasi mbichi inakauka bila kuvunda.

Rangi nyekundu ina habari yake. Zamani iliaminika kumkinga mtoto na ndui. Hata yule ng'ombe mwekundu wa Aizu, mkoa wa Fukushima, anaitwa akabeko, kichwa kinachezacheza, madoa meusi mwilini mwake husemwa kuwa ni makovu ya ndui. Mkimchora msiyaone madoa yale ni urembo tu.

Sasa uso. Daruma ya Takasaki nyusi zake ni korongo, ndevu zake ni kobe. Wajapani wanasema korongo anaishi miaka 1,000 na kobe 10,000. Kwa hiyo lile nuno lote mnaloliona ni wanyama wawili wa maisha marefu. Tazameni nyusi kwa karibu: zinaanza nene katikati ya paji, zinapinda, halafu zinachomoza kama shingo. Tumboni wanaandika kwa rangi ya dhahabu herufi za kukaribisha heri, mabegani wanaandika ombi, mfano usalama wa nyumba au biashara njema.

Na macho. Ukinunua, unaweka nia, unachora mboni ya jicho la kushoto. La kushoto la daruma mwenyewe, yaani liko kulia kwako ukimtazama. Jambo likitimia unamalizia la pili. Ukifuatilia uchaguzi wa Japani utaona mgombea aliyeshinda anajaza jicho kwa brashi mbele ya kamera. Mwaka ukiisha, daruma hurudishwa hekaluni ichomwe kwa heshima, unanunua mpya. Soko la Shorinzan huwa tarehe 6 na 7 Januari, na lile rundo la daruma zilizorudishwa ni mlima hasa.

Naendelea. Maswali ruksa.

#2 | Mzee wa Kibaraza

Nimeweka kiti na kahawa. Usituache njiani kama wale wa "itaendelea".

#3 | binti_pangani

Mkuu umetisha. Mimi natengeneza vinyago vya karatasi vya kufundishia watoto wa chekechea. Hebu shusha ufundi, hayo mambo ya kalibu na kubandika. Magazeti yanafaa? Na inasimamaje yenyewe ikisukumwa?

#4 | Mshamba_Halisi

Juzi hapa Kariakoo nimemwona paka wa plastiki anapunga mkono kwa betri. Naye wa Kijapani? Mimi najua ni Mchina yule.

#5 | Mchorakaratasi

Mshamba_Halisi, paka anakuja, subiri zamu yake.

binti_pangani, magazeti yanafaa vizuri tu. Viwandani huku siku hizi rojo la karatasi linavutwa na mashine likajibandika kwenye kalibu, lakini njia ya zamani ya mkono inafanyika popote:

Kalibu finyanga kwa udongo, kimo cha shubiri, umbo la yai lililokaa. Kitako kiwe cha mviringo kabisa. Hapo kwenye kitako usifanye mchezo. Ukikifanya bapa, itakaa tu, haitainuka. Kikiwa cha duara na uzito uko chini kabisa, ukiilaza kile kitovu cha uzito kinapanda juu, na kwa kuwa uzito siku zote unatafuta pa chini, unairudisha. Siri yote iko hapo, mengine ni urembo.

Udongo ukikauka paka mafuta ya mgando, au ufunike kwa nailoni. Karatasi chana kwa mkono, usikate kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa una nyuzinyuzi zinashikana, wa mkasi unaacha ngazi itakayoonekana hata chini ya rangi. Tabaka moja la gazeti, moja la karatasi nyeupe, hivyo hivyo kwa kupokezana, ujue wapi hujapita. Sita hadi nane zinatosha. Gundi ni uji wa unga wa ngano au wa muhogo, tia chumvi kidogo isiote ukungu. (Panya wanaupenda kupindukia, usianike chini.) Kausha kivulini penye upepo. Juani tabaka la nje linakauka kabla ya la ndani na umbo linakunjamana.

Ikikauka ipasue mgongoni kwa wembe, chomoa kalibu, kisha kabla hujaifunga bandika uzito ndani kitakoni: kisahani cha udongo uliochomwa au saruji. Ukisahau uzito utakumbuka umeshaipaka rangi. Funga mpasuo kwa vipande vya karatasi.

Kabla ya nyekundu inapakwa nyeupe. Wenyewe wanatumia gofun, unga wa magamba ya chaza. Magamba hayachomwi. Yanaachwa nje miaka kwa miaka yachakae kwa jua na mvua, kisha yanasagwa na kuchanganywa na nikawa, gundi inayochemshwa kutokana na ngozi za wanyama. Najua watu wa Pwani mtaniambia mbona chokaa ipo. Chokaa yetu ya tanuru siyo hiyo. Imechomwa, inaunguza mikono, na baadhi ya rangi inazipausha. Chukua unga wa chaki uliochekechwa, gundi nyeupe ya mbao, maji, uzito wa maziwa mtindi. Paka, kausha, piga msasa laini, rudia hadi usiione karatasi.

Nyekundu mikono miwili. Sehemu ya uso iache. Nyusi na ndevu chora mwisho kabisa, kila mstari kwa mkupuo mmoja. Yule mzee jirani anashusha pumzi kwanza, anachora, hasahihishi. Ukigusiagusia nyusi, korongo anakuwa kuku.

Macho usiguse.

#6 | binti_pangani

Nimekopi yote. Leo leo natafuta udongo.

#7 | Abuu_Layth

Assalaam alaykum. Nauliza kwa nia njema, sitaki ligi. Mtu kuweka kitu dukani akaamini kinamletea riziki, na tunajua riziki inatoka kwa nani, hiyo si hirizi kwa jina jingine? Na sanamu zenyewe zina sura. Sisi wengine mnatuweka wapi?

#8 | Mchorakaratasi

Wa alaykum salaam. Swali la haki kabisa. Nikueleze ninavyogawa mwenyewe, maana na mimi kwetu ni Wakristo wa kusali na mama hakunielewa alipoona picha za kwanza.

Kuna vitu vya ibada: omamori, vile vifuko vidogo vya kitambaa vyenye ombi ndani ambavyo hata kuvifungua ni mwiko, na vibandiko vya jinja vinavyowekwa juu kwenye madhabahu ya nyumba. Hivyo sivitengenezi wala sivinakili. Ni vya kuhani, na kumuuzia mtu omamori ya kuigiza ni utapeli. Katikati kuna vitu ambavyo watoto wanachezea na wakubwa wanawekea nia, kama daruma na akabeko. Hapo kila mtu na moyo wake. Halafu kuna nakshi. Nakshi ni mstari na bikari, hazina sura ya kiumbe wala hazipelekewi ombi. Wewe nakushauri uingilie mlango huo, na kusema kweli ndio wenye utamu zaidi. Nitaziandikia.

#9 | Abuu_Layth

Barakallahu fiik. Nasubiri nakshi.

#10 | Sendai_Bongo

Mkuu Mchorakaratasi, salamu kutoka Sendai. Uzi mzuri ila nadharia yako nina shida nayo. Daruma za huku, zile za Matsukawa, zina macho yote mawili tangu dukani! Uso umezungushiwa rangi ya buluu, kifuani kuna mashua ya hazina au mungu wa bahati amechomoza kwa mwinuko. Hakuna kilichoachwa nusu hapo. Takasaki siyo Japani nzima.

#11 | Mchorakaratasi

Hahaa, nilijua watu wa Sendai mtafika. Za kwenu zinalinda nyumba, ndiyo maana zimefumbuliwa macho yote. Za huku zinangoja. Hata Shirakawa, mkoa wa Fukushima, wana zao ambazo uso mzima ni bustani: nyusi korongo, masharubu kobe, na ndevu zinabeba msonobari, mwanzi na mplamu. Lakini niambie, ya kwenu ikizeeka mnaipeleka wapi?

#12 | Sendai_Bongo

Tarehe 14 Januari, sikukuu ya Dontosai, pale jinja ya Osaki Hachimangu. Moto mkubwa, mapambo yote ya mwaka mpya yanaingia, watu wanapita na baridi ile wamevaa nguo nyeupe nyepesi, wanaume vifua wazi. Daruma nazo zinaungua.

Basi sema vitu hivi vinatumika vikaisha. Hilo nakubali. "Vimeachwa nusu" ni Takasaki yako.

#13 | Mchorakaratasi

Kibao cha ema je? Korongo elfu je? Nakupa daruma ya Sendai, hivyo viwili sikupi.

#14 | OtienoRangi

Niaje wadau. Mimi ni sign writer hapa Kisumu, nachora vibanda, kinyozi, hoteli, mpaka matatu. Kuna mama wa salon anataka huyo paka ukutani. Nataka nimchore vile anafaa kuwa, si kukopi tu ya plastiki. Mkono gani uko juu? Na ile sahani ya dhahabu ni nini?

#15 | Mchorakaratasi

Karibu Otieno, swali lako ndilo zamu ya paka, na Mshamba_Halisi asome hapa pia.

Anaitwa maneki-neko. Ni wa Edo, yaani Tokyo ya zamani. Kuna picha ya Hiroshige ya mwaka 1852 inayoonyesha paka hawa wakiuzwa mtaani, kwa hiyo kwamba leo unamkuta kwenye maduka ya Wachina dunia nzima ni biashara tu imemsafirisha. Mahekalu mawili ya Tokyo yanagombea kuwa kwao: Imado kule Asakusa ni jinja, na Gotokuji kule Setagaya ni hekalu la Kibudha. Ya Gotokuji ndiyo inayosimuliwa zaidi: bwana mmoja wa kivita, Ii Naotaka, alikuwa anapita, paka wa hekalu akamwita kwa mkono, akaingia ndani, mara radi na mvua vikashuka. Akalifadhili hekalu. Leo ukienda utakuta paka weupe wamepangwa mamia kwa mamia, wameachwa na waliopata walichoomba.

Sahani ya dhahabu ni koban, sarafu ya zamani. Kwa kawaida imeandikwa ryo milioni kumi, fedha ambayo hakuna mtu alikuwa nayo. Hao wa Gotokuji hawana koban kabisa. Hekalu linafundisha kwamba paka anakuletea nafasi, kuitumia ni juu yako. Wenye koban, macho makubwa na mwili mnene ni mtindo ulioenezwa na viwanda vya ufinyanzi vya Tokoname, mkoa wa Aichi.

Mkono: kulia fedha, kushoto wateja. Ndivyo wengi wanavyosema, japo utakutana na mzee atakayekwambia kinyume. Salon mpe wa kushoto.

Sasa sikia hili. Kiganja chake kinaangalia mbele, vidole vinaelekea chini. Mjapani anamwita mtu hivyo, kiganja chini, vidole vinakusanya hewa kuja kwake. Si ndivyo tunavyoitana sisi? Kwetu Afrika Mashariki ukimwita mtu mzima kwa kiganja juu na kidole kimoja umetafuta ugomvi. Wamarekani wanaona paka anaaga, ndiyo maana kuna paka waliotengenezwa kwa soko la kwao, mgongo wa mkono ndio uko mbele. Otieno, ukichukua mfano mtandaoni hakikisha hujachukua huyo wa Marekani. Mteja wako wa Kisumu ataelewa ishara bila kufundishwa.

Na ningekuwa mimi, ile koban ningeiacha tupu. Mwambie mama aandike mwenyewe kiasi anachotaka kwa mwezi.

#16 | OtienoRangi

Hiyo ya koban tupu imeniweza. Lakini akiandika milioni na asiipate atanidai mimi 😂

#17 | Mshamba_Halisi

Nimesoma. Nafuta usemi wangu kwa nusu, betri ni za Mchina.

#18 | Mama Zuu

Jamani naomba kuingia. Bibi yangu Mwembetanga alikuwa na sanduku la kanga, nyingine pindo limeandikwa zimetengenezwa Japani. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni uongo wa wenye maduka. Inawezekana?

#19 | Mchorakaratasi

Inawezekana sana mama. Katika karne ya 20, kabla ya vita vya pili vya dunia na baada yake, viwanda vya Japani vilichapa kanga na vitenge kwa ajili ya soko letu, wenye maduka wa Mombasa, Zanzibar na Dar wakiagiza kwa michoro na majina ya Kiswahili. Kwa hiyo kuna Wajapani waliokaa Osaka na Kyoto wakipanga herufi za mafumbo yetu bila kujua nani anasimangwa. Litunze hilo sanduku, usiache mtu akate vitambaa vya meza.

Nimekuwa nachora kanga ya kwangu: pindo la mawimbi ya seigaiha, mji una korongo wawili, na pale penye jina nimeacha kisanduku kitupu. Anayenunua anaandika lake kwa kalamu ya kitambaa.

#20 | Mama Zuu

Hapo umeniudhi mwanangu. Kanga bila jina ni pazia. Nani ana muda wa kutunga? Watu tunanunua kanga kwa sababu mwenzetu kashatusemea.

#21 | Mzee wa Kibaraza

Nadharia imekutana na Pwani.

#22 | Mchorakaratasi

Mama Zuu kanikamata, nitachapa aina mbili.

Nakshi sasa, Abuu_Layth na wengine. Zina majina na kila moja ina heri yake.

Seigaiha ni mawimbi ya bahari tulivu, amani isiyokatika. Bikari, mistari mitatu au minne ya nusu duara ndani kwa ndani, ukipanga safu. Safu inayofuata unaisogeza nusu ya upana, ukaishusha, ya mbele inafunika nusu ya nyuma. Anza kuchora safu ya mbele, mistari ya nyuma ikifika kwenye ukingo wake inaishia hapo.

Shippo ni duara zilizokatana, mali na uhusiano usio na mwisho. Watu wanahangaika nayo bure. Chora miraba kama daftari la hesabu. Kila mraba uzungushie duara linalogusa kona zake zote nne. Basi, nakshi imejitokeza yenyewe, petali nne kila duara.

Asanoha ni jani la katani, nyota ya pembe sita. Katani inakua haraka na wima bila kuegemezwa, ndiyo maana nakshi hii ilikuwa ya nguo za watoto wachanga. Anayetaka kumtengenezea shuka mtoto wa rafiki, hiyo hapo. Inataka karatasi ya pembe tatu au utulivu wa pembe za digrii 60. Kikko, gamba la kobe, ni pembesita tupu, kwa maisha marefu.

Ukitaka kuacha nusu: chora nakshi kamili, kona moja iache na mistari ya penseli tu, mtoto wa mwenye nyumba aijaze rangi. Niliuza moja hivyo kwa familia ya huku na bibi wa nyumba alicheka mpaka akakaa chini.

#23 | Abuu_Layth

Shippo nimeijaribu kwenye daftari sasa hivi baada ya isha, imetoka mara moja. Hii naipeleka kwa fundi wa milango aichonge.

#24 | Kazooba_Kla

Nawasalimu kutoka Kampala. Korongo wetu yuko kwenye bendera, ana taji la dhahabu. Naweza kumtumia badala ya wa Kijapani?

#25 | Mchorakaratasi

Unaweza, ila usimwite wa Kijapani. Wao wa kwao ni tancho, mweupe, utosi mwekundu, shingo nyeusi, anapatikana Hokkaido upande wa Kushiro. Na hapa wachoraji wengi wanaanguka: ule weusi wa nyuma siyo mkia. Ni manyoya ya bawa yaliyolala juu ya mkia. Mkia wenyewe ni mweupe. Ukimchora anaruka na mkia mweusi, Mjapani anajua hujawahi kumtazama ndege.

Kukunja korongo wa karatasi ni sanaa ya zamani, kuna kitabu cha mwaka 1797 kinachofundisha kukunja korongo wengi walioungana kutoka karatasi moja yenye mikato. Korongo elfu wakaja kujulikana dunia nzima kwa sababu ya Sadako Sasaki, binti wa Hiroshima aliyewakunja akiwa hospitalini na kufariki mwaka 1955, miaka 10 baada ya bomu. Sanamu ya watoto ilizinduliwa pale 1958, na kila mwaka zinapelekwa korongo kama milioni 10. Kwa heshima ya hilo mimi sifanyi mapambo ya biashara kwa korongo elfu. Wawili, watatu, sawa.

#26 | binti_pangani

Na bundi? Nimeona Wajapani wanamweka kila mahali.

#27 | Mama Zuu

Bundi hapana!! Alie juu ya paa usiku halafu nimtundike sebuleni?

#28 | Mchorakaratasi

Huku ni ndege wa heri, jina lake wanalisikia kama "pasipo taabu". Kwetu mnamjua. Mkichora bundi, muuzieni Mjapani.

Mengine ya harakaharaka kwa wanaouza. Msipange seti ya vitu vinne wala tisa, namba hizo kwao zinasikika kama kifo na mateso. Vitatu, vitano, vinane. Mkichora mtu amevaa kimono, upande wa kushoto wa mvaaji uwe juu ya ule wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti. Nimeona picha nzuri ya harusi ikikataliwa kwa jambo hilo tu, na mchoraji hakuambiwa sababu.

#29 | Sendai_Bongo

Hilo la kimono libandikwe juu kabisa ya uzi. Ukigeuza picha kwa kompyuta ili iangalie upande mwingine, na kimono kimegeuka.

#30 | binti_pangani

Wakuu, nimerudi. Daruma imekauka, nimeipaka nyeupe, lakini nikiisukuma inainuka halafu inabaki imeinamia kushoto. Nifanyeje? Uzito niliweka bonge la saruji.

#31 | Mchorakaratasi

Hongera kwanza, kuinuka imeinuka. Bonge limekaa pembeni, au mpasuo wa mgongo umebandika karatasi nyingi upande mmoja. Usiibomoe. Isukume mezani mara kadhaa uone imeinamia wapi hasa. Upande wa pili wa pale ilipoinamia, kwa chini, toboa tundu la kupita kidole, tia udongo mbichi kidogo kidogo huku unaipima mezani. Ikisimama wima acha udongo ukauke, kisha ongeza gundi ndani usije ukang'oka. Ziba tundu kwa karatasi, rudia nyeupe hapo tu.

Na safari ijayo saruji imwage iwe kisahani bapa chembamba. Bonge linapandisha uzito juu, hata likikaa katikati itakuwa mvivu kuinuka.

#32 | binti_pangani

Ilikuwa mpasuo, upande mmoja nimebandika kama plasta za hospitali. Nimetoboa, nimetia udongo, imesimama. Nyekundu natafuta kesho, dukani kuna ya mafuta na ya maji. Ipi?

#33 | Mchorakaratasi

Ya maji. Ya mafuta itakaa inanata siku nyingi na watoto wa chekechea watakuwa wekundu wote.